Pikapu ya Parokia: Kwanza Isimame, Ndipo Ibebe



Wapendwa waamini na wasomaji wetu wa kila juma, wiki hii tunaomba ruhusa ya kuyaacha kidogo masomo ya Dominika ili tuzungumzie chombo kinachoegeshwa chini ya mti nyuma ya sakristia, chombo ambacho karibu kila mmoja wenu amekwisha kukipanda, kukisukuma au kukinung'unikia. Tunaisema pikapu ya parokia. Tangu Halmashauri ya Walei itangaze kwamba ipo akiba ya kuitengeneza, habari zake zimefika katika kila jumuiya ndogo ndogo hapa Sokon I, na kila mwenye mdomo amekuwa fundi. Wako wanaotaka iuzwe. Wako wanaotaka iongezewe majani ya springi, ifungwe matairi makubwa na kuchomelewa kizimba cha mabomba, ili kwaya ipate kusafiri nayo kwenda kwenye misiba na sherehe za vigango. Vijana nao wanataka rangi mpya, taa za mwanga mkali na rimu za kung'aa.

Msimamo wetu tuuseme mapema ili asiwepo wa kuutafuta katikati ya mistari. Pikapu isiuzwe. Itengenezwe. Lakini fedha zianzie kwenye breki, stelingi na matairi, na kizimba cha kubebea watu kisitengenezwe kabisa. Tunajua kwamba neno hili la mwisho halitapendwa na wengi, wakiwamo baadhi ya watu tunaowategemea sana katika shughuli za parokia. Tunaomba basi subira yenu tuieleze sababu.

Kwa wale wasioifahamu vizuri, pikapu yetu ni Toyota Hilux ya dizeli, ya kizazi kile kilichoanza kutengenezwa Japani mwaka 1988 na kukoma mwaka 1997, yenye uwezo wa kuvuta kwa magurudumu yote manne. Injini yake ndiyo ile mafundi waiitayo 3L: silinda nne, ujazo wa sentimita za ujazo 2,779, haina taabo wala kompyuta. Jina la Hilux lenyewe limekuwapo tangu mwaka 1968. Tunajua pia kwamba kuisifu Toyota mbele ya mtu wa Arusha mwenye Land Rover ni kujitafutia ugomvi. Mwezi Oktoba 2024 jiji letu lilifanya tamasha zima la Land Rover, na msafara wake ukapita barabarani watu wakishangilia kana kwamba wanampokea kiongozi. Nasi tuliufurahia. Yalikuwamo magari yaliyowazidi umri madereva wake, na yalitembea. Basi wenye kutuambia kwamba chombo cha miaka thelathini hakitengenezeki wakawaulize kwanza wale waliokuwa katika msafara ule.

Hoja ya wanaotaka pikapu iuzwe ni kwamba gari kuukuu hula fedha. Ni kweli hula. Gari jipya nalo hula, ila hula kwa kijiko kikubwa na kwa mkupuo. Pampu ya dizeli ya pikapu yetu ni chuma na springi tupu. Ikichoka, fundi wa pampu huifungua, huipima juu ya mashine yake na kuirudisha ikiwa nzima. Pikapu za miaka hii hupuliza dizeli kwa shinikizo kubwa mno kupitia nozeli zinazoamriwa na kompyuta, na nozeli hizo zikiharibika, bei yake yaweza kuitoa parokia machozi. Pampu ya zamani huvumilia mengi, ingawa nayo ina mpaka wake, kwa kuwa dizeli ndiyo inayoilainisha. Mtakumbuka miaka ile wafanyabiashara walipokuwa wakichanganya mafuta ya taa ndani ya dizeli, hata neno kuchakachua likaingia kinywani mwa kila Mtanzania, na EWURA ikaanza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010. Mafuta ya taa ni mepesi, hayalainishi. Pampu nyingi zilikufa miaka ile, na wenye magari wakamlaumu fundi.

Anayependekeza tuagize nyingine iliyotumika Japani akumbuke kwamba hapa kwetu umri wa gari huongeza ushuru. Wenzetu wa Kenya wamekwenda mbali zaidi, hawaruhusu kabisa kuingiza gari lililozidi miaka 8. Na kwa upande wa gari kuukuu, sheria yenyewe imekwisha kutupunguzia mzigo mmoja: ile ada ya gari ya kila mwaka, tuliyozoea kuiita roodi laisensi, ilifutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa katika bei ya mafuta. Pikapu ikilala gereji miezi miwili ikisubiri spea, hailimbikizi deni la serikali kama zamani.

Hata hivyo hatusemi kwamba kila gari kuukuu litunzwe milele. Kipo kitu kimoja kinachoamua, nacho ni chesisi. Injini hubadilishwa, gia boksi hubadilishwa, milango hupatikana. Chesisi ikioza au ikipinda, gari limekwisha, hata kama rangi yake inang'aa kama kikombe cha altareni. Magari yaliyotumika katika nchi za theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, huliwa na kutu kwa ndani pasipo kuonekana. Yetu ilipigwa kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma, na sauti yake ilikuwa ya chuma kizima. Palipokuwa na kutu ni sakafu ya nyuma tu, mahali ambapo tumekuwa tukibebea mchanga mbichi na mbolea ya vigango. Bati la sakafu hukatwa na kuchomelewa jipya kwa siku mbili.

Injini haitatuchukua muda mrefu. Ina mambo mawili yanayoua aina hii ya injini, na yote mawili huzuilika. La kwanza ni joto. Silinda hedi ya injini hizi hupasuka ikiachwa kuchemka, na sababu kubwa ya kuchemka ni rejeta iliyoziba kwa mabaki ya maji ya mfereji na kutu. Kuna mazoea ya kuitoa themostati na kuitupa, eti ili maji yapite kwa wingi. Katika injini zenye njia ya pembeni ya maji, kuitoa huyaruhusu maji mengine kuzunguka ndani ya injini pasipo kupita kwenye rejeta, na hivyo huongeza tatizo lile lile. Aidha, sisi tunaokaa chini ya Mlima Meru, katika asubuhi za Juni na Julai, tunaifanya injini iende baridi kutwa nzima na kuteketeza dizeli bure. La pili ni mkanda wa taimingi, unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika njiani, vali na pistoni hugongana, na bei ya mkanda mmoja hugeuka kuwa bei ya nusu ya injini. Wanaotaka tufunge taabo juu ya injini isiyoumbwa kwa ajili ya taabo tunawaomba waisome tena sehemu ya joto.

Sasa tufike penye mzizi wa jambo.

Hilux ya aina yetu ina breki za diski mbele na za ngoma nyuma. Ngoma za nyuma hazipewi nguvu ile ile kila wakati. Juu ya ekseli ya nyuma kuna fimbo nyembamba ya chuma inayopanda hadi kwenye vali iliyofungwa kwenye chesisi. Gari likiwa tupu, bodi iko juu, na vali huzipunguzia breki za nyuma nguvu ili magurudumu yasikwame na kuliyumbisha gari. Gari likipakiwa, bodi hushuka, fimbo huisukuma vali, na breki za nyuma hupata nguvu zaidi kwa sababu sasa zina uzito wa kushika. Ni akili njema sana iliyowekwa ndani ya kitu kidogo, nasi twadhani wenye pikapu wengi hapa mjini hawajawahi kukitazama.

Fikirini basi kinachotokea tunapoongeza majani ya springi. Bodi hunyanyuka. Hata tukipakia magunia kumi na tano, haishuki kama zamani, maana ndiyo shabaha ya kuongeza majani. Vali haijui habari za majani mapya. Yenyewe huona kwamba bodi iko juu, hivyo huamini gari ni tupu, na huendelea kuzinyima nguvu breki za nyuma. Tumepakia mara mbili, tukabaki na breki za gari tupu. Kazi yote huangukia breki za mbele, nazo huchemka haraka kwenye mteremko. Fundi makini hurekebisha urefu wa fimbo ile baada ya kuongeza majani. Wengine huifunga kwa waya, wengine huikata na kuitupa kwa kuwa inapiga kelele. Matairi makubwa nayo huongeza tatizo. Tairi kubwa ni zito zaidi kulisimamisha, na kwa kuwa kila mzunguko wake ni mrefu kuliko ule uliopimwa kiwandani, saa ya mwendo husoma pungufu. Dereva hudhani yuko kwenye 60 kumbe amekwisha kuipita.

Kuna jambo jingine ambalo tunalisema kwa ajili ya madereva wetu wa kujitolea, tukijua kwamba dizeli ni ghali na kila mmoja hutafuta kuibana. Busta, kile chombo kinachoufanya mguu wa dereva uwe na nguvu juu ya breki, hufanya kazi kwa kufyonza hewa. Katika injini yetu hewa hiyo hufyonzwa na pampu ndogo iliyofungwa nyuma ya altaneta, nayo huzunguka injini inapozunguka. Ukizima injini kwenye mteremko ili kuokoa dizeli, breki zitakubali mara mbili tatu, kisha kanyagio litakuwa gumu kama jiwe. Kuweka frii ni hatari kwa namna nyingine, kwa sababu injini haisaidii tena kulizuia gari na breki hubeba peke yake hadi zichemke. Na altaneta ikifa, atakayetununulia nyingine ya bei rahisi isiyo na pampu nyuma yake atakuwa ametupatia taa na kutunyang'anya breki.

Mafuta ya breki nayo huzeeka. Hufyonza unyevu wa hewa kidogo kidogo, na yakishika maji huchemka upesi. Mvuke ukiingia ndani ya bomba, kanyagio huzama hadi sakafuni. Hubadilishwa kila miaka miwili kwa gharama ambayo haifiki bei ya zile rimu za kung'aa. Kuhusu matairi, tunawaomba wajumbe watakaokwenda kununua wasome ubavuni tarakimu nne zilizo ndani ya kiduara: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Penye 2319 tairi lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Tairi la mtumba laweza kuwa na meno mazima na umri wa kijana wa Kipaimara.

Mtatuuliza kwa nini tunaichambua pikapu kwa kirefu namna hii, kana kwamba tumepewa daraja la ufundi makanika badala ya upadre. Ni kwa sababu tunakaa mahali penye miteremko. Kutoka Ilboru, Sanawari na vijiji vya juu ya Meru, njia zote hushuka kuja mjini, na wakati wa masika udongo wake huteleza kama sabuni. Tarehe 24 Februari 2024, pale Kibaoni, Ngaramtoni, lori lililotajwa kushindwa breki liliyagonga magari mengine, na watu 25 wakapoteza maisha. Na hakuna mzazi wa Arusha anayehitaji kukumbushwa tarehe 6 Mei 2017, siku ambayo basi dogo lililobeba watoto wetu lilitumbukia korongoni huko Rhotia, Karatu, wakafariki wanafunzi 32, walimu wao 2 na dereva. Ajali hizi mbili hazikuwa za pikapu, wala hatuzilinganishi sababu zake. Tunazitaja kwa kuwa tumekwisha kuona jinsi mji mzima unavyozika kwa siku moja, na hatutaki kwaya yetu iwe ya kuimbiwa.

Sasa kizimba. Tufanye hesabu ambayo hata watoto wa Komunyo ya Kwanza wanaiweza. Pikapu kama yetu imeumbwa kubeba takribani tani moja, yaani magunia kumi ya mahindi ya kilo 100, bila lumbesa. Wanakwaya ishirini wa wastani wa kilo 60 ni kilo 1,200, kabla hatujapakia kinanda, spika, betri na sufuria za akina mama wa WAWATA. Lakini uzito si neno kubwa kuliko yote. Gunia hulala. Mwanakwaya husimama, hucheza, huegemea upande mmoja penye kona, na mabomba ya kizimba humwezesha kusimama juu zaidi na kujiona yuko salama. Gari lenye mzigo uliosimama hupinduka kwa kona ambayo lenye magunia huipita bila wasiwasi. Likipinduka, lile bomba la kushikia halimlindi mtu. Humrushia mbali au humbana.

Sheria nayo ni ya siku nyingi. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, na gari la mizigo si gari la abiria. Kila mwaka katika Wiki ya Nenda kwa Usalama tunalipeleka gari kukaguliwa na kubandikwa stika, tena wengine huomba tulibariki. Kulibariki gari kisha kulipakia watu ishirini wasio na viti wala mikanda ni kumwachia Mtakatifu Kristofa kazi ambayo tungeifanya wenyewe.

Na kwa kuwa tumemtaja Kristofa, wengi mnalijua jina la MIVA, mashirika ya Ulaya ambayo yamesaidia kuzipatia magari, pikipiki na baiskeli parokia nyingi za misioni. La kwanza lilianzishwa Ujerumani mwaka 1927 na Padre Paul Schulte, mwoblati, baada ya rafiki yake Padre Otto Fuhrmann kufia Namibia mwaka 1925 kwa kukosa chombo cha kumfikisha kwa tabibu upesi. Lile la Austria lilianza mwaka 1949, na lina desturi moja inayotugusa sana: kila mwaka, mwezi Julai, karibu na sikukuu ya Mtakatifu Kristofa, madereva wa kule hutoa sadaka ndogo mno, sehemu ya senti, kwa kila kilomita waliyosafiri bila ajali. Fikirini maana yake. Kuna wazee wa huko, wenye magari madogo ya kawaida, ambao wamehesabu kilomita zao za usalama moja moja ili padre, katekista au mjamzito wa nchi ya mbali apate gari. Kilomita za amani za watu wengine ndizo zilizogeuka kuwa chuma na matairi huku kwetu. Tunawezaje kukichukua kitu kilichonunuliwa kwa sadaka ya namna hiyo na kukitumia kana kwamba shingo za vijana wetu ni za kukodisha?

Tumesikia jibu la wanakwaya, na hatulipuuzi. Wanasema: Padre, kukodi Coaster ni gharama, na marehemu hasubiri. Msiba ukitokea kigango cha mbali, maskini atazikwa bila wimbo, na tajiri atazikwa kwa kwaya nzima kwa sababu wanawe wanaweza kulipa. Hoja hii ni nzito kuliko zote zilizoletwa, na aliyeitoa ameitoa kwa upendo. Imetukosesha usingizi. Tulivyoona sisi, jawabu lake liko katika mfuko wa misiba, ambao kila jumuiya huuchangia na ambao mpaka leo hutumika zaidi kwa chakula na turubai kuliko kwa usafiri. Tumependekeza kwamba sehemu ya mfuko huo itengwe kwa ajili ya kukodi daladala mbili, msiba wa maskini ukipewa kipaumbele, na wanaotaka kuongeza pilau wachange tofauti. Pikapu itatangulia na jeneza, vyombo na sufuria, na ndani yake wataketi dereva na wafiwa wawili, kila mtu na mkanda wake. Ikiwa fedha hazitoshi, waende wanakwaya kumi badala ya thelathini. Kumi wakiimba vizuri hutosha. Parokia yetu ina sauti za kutosha, kinachopungua mara nyingi ni mazoezi.

Kuhusu sherehe za harusi na ile desturi ya kupakia matarumbeta nyuma ya pikapu na mpiga video akining'inia kwenye mlango wa nyuma akiutazama msafara, tutaongea siku nyingine, ila jibu letu mnalikisia.

Limebaki neno la mafundi na spea. Gereji za Unga Limited na za jirani zimejaa watu wenye mikono ya ajabu. Baadhi yao ni waamini wetu. Arusha ni mji ambao Land Cruiser hukatwa katikati, huongezwa urefu, huwekewa paa la kufunguka na kupelekwa Serengeti kubeba wageni. Anayeweza kufanya hayo hashindwi na breki za Hilux. Kinachotuharibia ni namna tunavyomlipa. Tunamwita Jumamosi jioni, tunataka gari Dominika asubuhi, tunampa spea ya bei ya chini kuliko zote, kisha tunaomba tumlipe nusu kwa kuwa ni kazi ya Kanisa. Fundi anayelipwa nusu hufanya kazi nusu, naye ana watoto. Kazi ya Kanisa ilipwe kama kazi ya mtu mwingine yeyote, na ipewe muda wake. Tumesema pia kwamba spea za breki zisiwe za kopi. Bushi, kioo, hata shokapu zaweza kununuliwa za daraja la pili au za mtumba pasipo dhambi kubwa. Padi, lainingi, mipira ya masta silinda na mabomba ya breki ziwe halisi au zisifungwe, na zile kuukuu zilizotolewa zirudishwe parokiani ndani ya mfuko ili tuzione kwa macho.

Tumenunua pia daftari. Lina kurasa za kilomita, za mafuta, za tarehe ya kubadili kila kitu, na ukurasa wa dereva kutia sahihi kila anapochukua ufunguo, akieleza gari limebeba nini na nani. Likifika siku ambayo injini itachoka kabisa na tukaamua kufunga nyingine iliyotumika, namba mpya itaandikwa humo kwanza, kisha kadi ya gari ipelekwe TRA ikarekebishwe, tusije tukawa na pikapu yenye hati za pikapu nyingine.

Kwa taarifa ya wote: wajumbe wawili wa UWAKA na mmoja wa VIWAWA wamepewa kazi ya kupata bei za breki, mafuta yake, tairodi endi, mipira ya stelingi na matairi matano, pamoja na la akiba, katika maduka yasiyopungua matatu. Kitakachobaki kitakwenda kwenye rejeta, mkanda wa taimingi na sakafu ya nyuma. Rangi itasubiri mavuno ya mwakani. Halmashauri ya Walei itakutana Dominika ijayo baada ya Misa ya pili, na wenye maoni tofauti wanakaribishwa, hasa viongozi wa kwaya. Daftari litakuwa mezani, na pikapu itakuwa juu ya mawe uani, magurudumu yakiwa yametolewa, ili anayetaka kuiona ile fimbo ya vali aione.